Kambi ya Riyadh ilipofungwa, tukaulizwa nani anataka kwenda Jeddah

Wakuu, salamu kwenu nyote humu. Mimi si mtu wa kuandika, lakini hili nimeliishi mwenyewe na sijaongeza chumvi.

Nilikuja Saudia kama house girl huko Al-Malqa, Riyadh. Baadaye nikapata kazi ya usafi kwenye kambi ya wanajeshi wa nchi moja ya kigeni. Nchi siitaji, msinitafutie mambo.

Hiyo nchi ilikuwa na kambi mbili, Riyadh na Jeddah. Wakaamua kuziunganisha: Riyadh ifungwe, vitu na watu viende Jeddah. Akaletwa kanali mmoja kusimamia uhamisho wote. Mpole, na kikombe cha chai hakimtoki mkononi, utadhani ametoka kwenye mashamba ya chai ya Murang'a.

Magari, mahema na jenereta zilipangiwa malori mapema. Shida ilikuwa sisi. Jeddah walikuwa na wafanyakazi wao, kwa hiyo baadhi yetu tungepigwa final exit, yaani kurudishwa nyumbani moja kwa moja.

Kule laundry tunakofulia, hakukuwa na stori nyingine. Ikama, kile kibali cha kuishi, ikifutwa, halas, imekwisha, ni ndege. Kila mtu anamtazama mwenzake: ni mimi au ni wewe?

Mimi nilimhofia Atieno, rafiki yangu wa jikoni. Ana watoto Kisumu, na jikoni Jeddah kulikuwa kumejaa watu. Nikasema huyu nitamtetea, liwe liwalo. Hata Kiingereza cha kumtetea nilikipanga nikipiga deki.

Kanali angeweza kubandika majina ukutani, yaishe. Badala yake alituita mess, ukumbi wa kulia, asubuhi, akaketi nasi. "Nimeambiwa nipunguze watu," akasema. "Kabla sijaandika jina la yeyote, nataka kusikia kila mmoja anataka nini."

Nikakohoa nianze hotuba yangu. Atieno akaniwahi, mkono juu.

"Sir, mimi naomba kwenda nyumbani."

Nikamgeukia. "Atieno! Umerogwa?"

"Sijarogwa. Nimechoka kulea watoto kwa simu. Nilikuwa naogopa tu kuomba, nikidhani nitaambiwa nimevunja contract."

Wakuu, ni kama alifungua bomba. Mganda mmoja wa stoo akasema yeye anataka kwenda kuoa. Wengine wakafuata. Idadi iliyotakiwa kupunguzwa ikakaribia kutimia kwa waliojitoa wenyewe, na wachache waliokosa nafasi Jeddah kanali aliwatafutia kazi kwingine kabla geti halijafungwa.

Nilipomsindikiza Atieno airport nililia kama mtoto. Yeye anacheka tu. "Yalla, nenda ukaone bahari!"

Sasa niko Jeddah, na nimetulia. Kazi ni ile ile, ila madirisha ni mengi zaidi. Nikiwa off naenda mtaa wa Ruwais kwa mama mmoja, wazee wake walitoka Zanzibar, ananipikia wali wa nazi na kunicheka Kiswahili changu.

Nilichojifunza: kabla hujampigania mtu, muulize anataka nini. Na ukipewa kazi ya kuhamisha watu, fanya hivyo hivyo.

Juzi Atieno kanitumia voice note akilalamika watoto hawampi nafasi hata ya kunywa chai. Sijawahi kusikia mtu akilalamika kwa raha vile.

Nyinyi mliohamishwa kazini huku Gulf, kuna aliyewauliza? Semeni, nasoma zote.