Nguzo Kwenye Kaburi la Baba

Wapimaji wa mradi wa umeme vijijini walipofika kwetu Kamachumu, walipigilia kigingi chenye rangi nyekundu juu ya kaburi la baba. Sikuwalaumu. Kaburi lilikuwa kibanjani, katikati ya migomba, na tulikuwa bado hatujalijengea saruji.

Mama alinipigia simu nikiwa Bukoba, ninakofundisha. Nilipofika kesho yake nilimkuta ameketi kwenye kigoda kando ya kigingi, akimenya ndizi. Mpimaji alikuwa amesimama mbele yake na karatasi zake.

"Mama, kwenye ramani hapa hakuna kaburi," alisema kwa upole.

"Aliyechora hakuja msibani," mama alijibu, akaendelea kumenya.

Kijana wa watu alinitazama mimi kama msomi mwenzake. Nilimwambia kwamba baba ndiye aliyekuwa wa kwanza kijijini kuandika barua ya kuomba umeme, na kwamba alifariki akisubiri jibu. Alivua kofia. Kisha akauliza kama tungekubali laini ipite kwa jirani. Mama alikubali hata kabla sijafungua mdomo.

Laini ikapinda. Jirani akapata nguzo mlangoni, akafunga mashine ya kusaga. Nyumba yetu ikawa mbali mno na nguzo ya karibu, tukaambiwa tuombe nyingine. Tuliomba. Kwa miaka miwili mama alikuwa akipeleka simu yake kwa jirani kuichaji, na kila mara alirudi na habari za mashine.

"Unajuta?" nilimuuliza siku moja.

"Ninajuta," alisema. "Lakini ningejuta zaidi."

Nguzo yetu ilikuja mwezi wa mvua, ikasimikwa nyuma ya jiko. Siku ya kuwashiwa tulimwita katekista aombe. Taa ikawaka, naye akaanza sala, sala ndefu. Kabla ya Amina umeme ukakatika. Alimalizia ameshika kibatari, bila kupunguza neno.

Kesho yake, saa sita mchana, jua likiwaka na kahawa imeanikwa uani, taa ya sebuleni iliwaka yenyewe. Hakuna aliyekuwa amekumbuka kuzima swichi. Nikanyoosha mkono.

"Uache umeme," mama alisema. "Umetoka mbali."