Kisima cha Mkulima wa Mfano

Kwa miaka mingi nilikana kwamba baba yangu aliiba kisima. Nilikana mbele ya wadogo zangu, nikakana mbele ya mume wangu, na siku moja nilikana ukumbini mbele ya watu ambao hawakuwa wameniuliza kitu. Hoja yangu ilikuwa fupi. Mtu huiba kuku, huiba redio, huiba hata mume wa mtu. Kisima kiko ardhini, kimeshikwa na zege, kinaibwaje? Leo nakiri, na nakuomba usinisifu kwa hilo, maana nimekiri baada ya kuishiwa hoja.

Kilichonirudisha huko ni harufu ya gambuti mpya. Juzi nilikwenda duka la pembejeo kununua dawa ya mchwa, muuzaji akachana mfuko wa gambuti zilizotoka kiwandani, na ile harufu ya mpira, nzito, tamu kidogo kama pipi iliyomwagikiwa mafuta ya taa, ikanishika puani. Nikajiona nina miaka tisa, niko Bunju, miguu peku kwa amri ya baba, nimevaa gauni lililochanwa kwa wembe na mama yangu mzazi.

Tulikuwa tunakaa Kinondoni. Baba alikuwa karani katika ofisi moja mjini, na kama makarani wenzake wote waliojiheshimu, alikuwa na shamba Bunju. Kila Jumamosi alikwenda "shamba", yaani alikwenda kukaa kwenye kiti cha kukunja, akasikiliza mpira redioni, akarudi jioni na mihogo na bamia huku akilalamika mgongo. Mama alimkanda kwa maji ya moto. Sisi watoto tulimwonea huruma.

Aliyeshika jembe alikuwa Mama Zuhura, mjane kutoka Newala, aliyeishi kwenye kibanda cha udongo palepale shambani pamoja na Zuhura, binti yake wa rika langu. Makubaliano yalikuwa hivi: alime mihogo ya baba juu kwenye kilima, naye aachiwe kipande cha bondeni apande mboga zake. Kipande kile ndicho kilichowalisha. Tatizo lilikuwa maji. Masika yakipita, kidimbwi cha bondeni kilinyauka kikawa tope, na Mama Zuhura alifuata maji mbali, ndoo kichwani, kwenda na kurudi mpaka jua linazama, ili mchicha usife.

Sisi wa Kinondoni tuliwaita washamba. Baba alikuwa na shamba, wao walikuwa washamba. Tofauti hiyo tuliielewa kabla hatujajua jedwali la kuzidisha.

Mwaka ule ukaja mradi. Ulikuwa wa kusaidia familia za wakulima wadogo, na kama miradi yote ya aina hiyo ulikuwa na gari jeupe, kofia, na neno "walengwa". Kwa masikio yangu ya kitoto walengwa walikuwa watu watakaopigwa mishale, na mpaka leo sijaona sababu ya kubadili maana hiyo. Mradi ungechimba kisima kirefu chenye pampu ya mkono kwa familia moja ya pale Bunju, kwa sharti kwamba familia hiyo iwe inalima kwa mikono yake yenyewe. Bwana shamba wa kata, ambaye njia ya kuja kwetu Kinondoni aliijua kuliko njia ya kwenda shamba lolote, na ambaye alimaliza kuku wetu kuliko ugonjwa wa kideri, ndiye aliyetakiwa kupendekeza jina. Akapendekeza la baba. Akamwita mkulima wa mfano.

Wageni walikuwa waje Alhamisi. Shule hatukwenda. Mama, ambaye Jumapili alitupaka mafuta mpaka tukang'aa, asubuhi ile alitupaka majivu miguuni. Baba alikuwa amenunua gambuti Kariakoo, akawa anazisugua kwa tope, lakini udongo wa Bunju ni mchanga, haushiki. Kila alivyosugua ndivyo zilivyozidi kung'aa kama viatu vya askari wa gwaride. Naye Mama Zuhura alipewa ruhusa. Tangu aanze kazi hakuwahi kupewa ruhusa, lakini siku ile baba alimtolea nauli akasalimie ndugu zake Kiwalani, alale hukohuko, asiwe na haraka. Akatoka alfajiri na Zuhura, kanga zao zimenyooka, akimwombea baba dua njia nzima.

Gari jeupe likafika. Akashuka mgeni wa kizungu, mrefu, mpole, mwenye macho ya mtu aliyekuja kusikitika na asingekubali kuondoka bila kusikitika. Bwana shamba ndiye aliyekuwa mkalimani. Nilipewa jembe nilishike. Nikalishika kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa mwenzie. Mgeni akaomba kuona mikono ya mkulima. Baba akaitoa. Vidole vilikuwa vimeingia wino wa karatasi za kaboni, weusi usiotoka hata kwa ndimu. Bwana shamba, bila kupepesa, akaeleza kwamba ule ni utomvu wa korosho. Mgeni akaguswa sana, akaipiga picha mikono ile. Naamini mpaka leo kuna ukuta mahali fulani Ulaya uliotundikwa vidole vya karani.

Hapo ndipo Mama Zuhura alipotokea, akipanda kutoka bondeni, ndoo ya maji kichwani, Zuhura nyuma yake na kopo.

"Hee! Baba Neema, mabuti hayo!" alisema akicheka. "Kuna moto wapi twende tukazime?"

Baba akajikohoza. "Mama Zuhura, si nilikwambia ukasalimie ndugu zako?"

"Nilifika Tegeta nikageuza, mzee wangu. Miche ya nyanya sikuimwagia. Nitaongea nini na watu huko wakati roho yangu iko kitaluni?"

Zuhura alikuwa ananitazama kuanzia majivu mpaka gauni. "We Neema," aliniuliza, "nguo yako imeng'atwa na nini?"

Nilitamani ardhi inimeze, lakini ilikuwa kavu mno kumeza kitu.

Mgeni hakuelewa neno, ila macho yake yalikuwa kwenye ile ndoo. Akauliza, na bwana shamba hakuwa na namna ila kuuliza pia: je, na mama huyu analima?

Mama aliziangalia kucha zake. Kama mwanamke yule angesema ndiyo, kisima kingekuwa chake, na kingechimbwa bondeni, penye mboga.

Mama Zuhura akatua ndoo, akajifunga kanga vizuri, akajibu kwa adabu zote za kwao.

"Mie? Hapana, baba. Mie silimi. Mie nalimia tu. Anayelima ni mzee hapo."

Akamwonyesha baba kwa mkono wa kulia.

Wewe msomaji wa Kiswahili umemwelewa. Kwetu mtu hujenga bila kushika tofali, na hulima bila kushika jembe. Waziri amelima, daktari amelima, karani amelima heka zake, na ukimuuliza jembe lina uzito gani atakuuliza la aina gani. Kulima ni kuwa na mazao. Mwenye malengelenge kiganjani yeye analimia. Mama Zuhura alijibu Kiswahili sanifu kabisa, kwa heshima, na bwana shamba kwa mara ya kwanza siku ile hakuhitaji kudanganya. Alitafsiri neno kwa neno: mama huyu anasema halimi. Mgeni akamtikisia kichwa kwa upole, akaandika, akampa Zuhura pipi. Gari likaondoka.

Wachimbaji walipokuja, Mama Zuhura ndiye aliyewapikia ugali. Maji yaliporuka alipiga vigelegele kuliko mama yangu. Alidhani, masikini, kwamba maji ni maji tu. Kisima kilikuwa juu kilimani, hatua chache kutoka mahali ambapo baba alikwisha kupigia vigingi sebule yake ya baadaye. Mkono wa pampu ukafungwa kufuli, na kila Jumamosi jioni ufunguo ulipanda basi na baba kurudi Kinondoni. Kisima cha wakulima wadogo kikamwagilia matofali.

Kiangazi kilipokomaa mchicha ulikwenda kwanza, kisha bamia, mwisho nyanya. Nilikuwapo Jumamosi moja Mama Zuhura alipokuja mbele ya kile kiti cha kukunja, akapiga goti.

"Mzee, niachie ufunguo hata hizi siku za katikati. Nitateka alfajiri tu, watu hawatoniona."

Baba alipunguza sauti ya redio. "Mie ningekuachia hata leo, mama. Ila mradi hauruhusu."

Wakahamia Kiwalani, kwenye chumba cha shangazi yake Zuhura, mahali ambapo nyumba zimebanana hivi kwamba mtu akitaka kupanda bamia apande kwenye kopo la rangi. Baba alituambia kwamba mama yule alikuwa mvivu, na kwamba watu wa kusini hawatulii sehemu moja. Tukaitikia. Mihogo ya Jumamosi iliyofuata ililimwa na mtu mwingine ambaye sikumbuki hata jina lake, na tuliila vilevile.

Ukubwani nikapata elimu, na elimu ni kitu kizuri sana kwa mtu mwenye jambo la kutetea. Chuo kikuu nilisoma isimu. Nikasimama kwenye semina nikachambua kitenzi "kulima", nikaonyesha kwa mifano mizuri kwamba baba hakudanganya hata neno moja: aliulizwa kama analima, na kwa Kiswahili cha Dar es Salaam kweli alikuwa analima. Kosa lilikuwa la mgeni asiyejua lugha. Kosa lilikuwa la sarufi. Mhadhiri alinipongeza, na mie nikatembea wiki nzima kama mtu aliyemtoa baba yake jela. Ile ruhusa ya kwenda Kiwalani niliihesabu kuwa ushahidi wangu mkubwa: ona, mtu mwenye nia mbaya angempa kibarua wake mapumziko na nauli juu?

Ndivyo tulivyo sisi tuliosomeshwa kwa mihogo ya watu. Kwenye makongamano husimama na kuanza na maneno "mimi kama mtoto wa mkulima", na ukumbi wote hutikisa vichwa kwa sababu ukumbi wote ni watoto wa mkulima wa aina hiyohiyo. Wakulima wenyewe hawamo. Wamo kwenye picha za ukutani, tena nusu yao ni makarani. Nilipokuwa na miaka tisa nilijua kitu kimoja tu, kwamba tulikuwa tunaigiza. Sikujua kwamba kwenye igizo lile kulikuwa na mtu ambaye maji yake yalikuwa yanaondoka huku akituchekesha. Na nilipokuja kujua, nilitafuta kitenzi cha kumficha.

Jioni ya siku ileile niliyotoka kwenye duka la pembejeo, simu ikaita. Alikuwa baba. Siku hizi ni mgane, anaishi Bunju kwenye nyumba yake, na shamba lililobaki analimiwa na Saidi na mkewe, watu wa Lindi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Sikiliza, Jumatano nina wageni. Wa mradi. Vitoto tu, vina vishikwambi. Wanatoa tanki na mipira ya umwagiliaji kwa wakulima wadogo. Niletee wajukuu, uwavalishe nguo za nyumbani."

Nikatafuta sarufi. "Baba, na Saidi je?"

"Saidi na mkewe nimeshawakatia tiketi wakasalimie kwao."

"Lindi?"

"Lindi ndiyo. Ukimpeleka mtu Kiwalani anageuzia njiani, kama yule mama. Yule nusura anichukulie kisima."

Alisema hivyo bila kushusha sauti, kama mtu anayekumbuka mvua iliyomkosakosa. Nikakaa kitandani. Nilimwambia watoto siwaleti, si Jumatano wala siku nyingine yoyote ya wageni, nikijua jinsi nilivyokuwa nimechelewa.

"Hamna shida, mama," alisema baba, tena kwa upole. "Nitaazima wa jirani."