Cheche za Seriamu Chini ya Vilima vya Ruri

Katikati ya miaka ya tisini nilifunga safari kwenda Homa Bay kujitambulisha kwa wazazi wa Akinyi, mchumba wangu. Mimi ni Mkuria, na wakati huo nilifundisha kemia Migori. Baba yake alikuwa ameshamwambia kwamba haelewi kemia ni kazi gani.

Asubuhi tulipita Awendo, tukijikokota nyuma ya malori ya miwa. Rongo tukakata kushoto. Njia nzima Akinyi alinifundisha salamu za Kijaluo huku akinicheka.

Adhuhuri, chini ya vilima vya Ruri, mvua ilitukuta. Tulifika tumelowa chapachapa. Mama yake alikuwa amechinja kuku, lakini paa la jikoni lilikuwa limevuja: moto umezimika, viberiti vyote vimelowa. Kijito nacho kilikuwa kimefurika. Kwa jirani hakuendeki.

Mzee alinitazama. "Sasa, mwalimu, utakula kuku mbichi?"

Mfukoni nilikuwa na kiberiti cha gesi cha kuonyeshea wanafunzi. Gesi ilikuwa imekwisha, lakini kijiwe chake cha kutoa cheche kilikuwepo. Niliomba pamba kavu ya shambani mwao iliyohifadhiwa ndani, nikaichambua, nikazungusha gurudumu la kiberiti polepole mpaka unga mweusi ukadondoka juu yake. Akinyi alikuwa ameacha kucheka. Kisha nikalisukuma gurudumu kwa nguvu, na pamba ikawaka.

"Umetia baruti?" mzee akauliza.

"Hapana, baba. Ni seriamu, imechanganywa na chuma. Ni metali laini. Ukiikwaruza, chembe zake hushika moto hewani. Na unga wa oksidi yake hung'arisha vioo, hata vya miwani kama yako."

Akaivua miwani, akaigeuzageuza. "Inatoka Ulaya?"

"Hata mawe ya Ruri, hapo nyuma ya nyumba, yana madini ya ukoo huo."

Mzee alicheka mpaka akatafuta kiti. "Nimechunga mbuzi juu ya kilima hicho tangu utotoni, na hakuna aliyeniambia."

Jioni tulikula kuku kwa ugali, naye akanijazia sahani kwa mkono wake.

Siku ya kurudi niliwaza kwamba kwa miaka nimeandika seriamu ubaoni kama herufi mbili tu, Ce, nami sikuwahi kuifurahia. Tulipokaribia Migori, Akinyi akasema, "Baba anauliza wazee wenu watakuja lini kuzungumza."

Nilimwomba arudie. Nilikuwa nimemsikia vizuri.