Kiwanja Kisichokuwa na Hata Jiwe Moja

Iko asubuhi moja ambayo mpaka leo nikiikumbuka nacheka peke yangu, mwanangu, halafu natikisa kichwa. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nimeolewa mwaka uliotangulia kule Kivu ya Kusini, na vita ilikuwa imetutupa Uganda, kambi ya Nakivale, sehemu ya Rubondo. Asubuhi hiyo nilisimama katikati ya uwanja mpana, nimevua viatu, nakanyagakanyaga udongo, na moyo unanidunda kwa furaha. Niliamini nimepata ardhi nzuri kuliko zote Uganda nzima. Kaa vizuri nikusimulie, maana na wewe umefika umri wa kutafuta kiwanja, na macho yako nayaona yanang'aa vilevile kama yangu siku ile.

Ile haikuwa ardhi tuliyopewa. Tuliyopewa ilikuwa kwenye mteremko, mawe matupu. Ukipiga jembe, jembe linalia. Bwana yangu Eliya alikizunguka kile kiwanja mara moja, akarudi akaliegemeza jembe, hakulishika tena. Alipokuwa anaondoka kwenda Mbarara kutafuta kibarua cha ujenzi karibu na kambi ya jeshi, alinishika mkono. "Bibi yangu," akaniambia, "nitakaa huko miezi tatu. Nikirudi nikikuta tungali ndani ya hii turubai, tunarudi kwetu. Siwezi kuzeekea chini ya plastiki."

Kurudi kwetu! Kwetu kulikuwa kunawaka moto. Kaka yangu tulimzika wiki ileile tuliyovuka mpaka. Nilimjua Eliya: hasemi mingi, lakini akisema amesema. Basi nikajiapiza kwamba akirudi atakuta nyumba yenye mlango, na chakula shambani, na neno la kurudi vitani litakufa lenyewe.

Sasa angalia nilivyokuwa. Mimi ni binti wa milimani, nimelima tangu nikiwa mdogo, na nilijiona najua ardhi kuliko yeyote. Siku moja natoka kuchota maji, nikaupita ule uwanja. Weee! Tambarare, mpana, unashuka taratibu kuelekea ziwani. Hakuna jiwe hata moja. Hakuna kisiki, hakuna kichuguu. Nyasi fupi, laini. Nikachokoa kwa kidole gumba cha mguu, chini udongo mweusi, una mbolea kabisa. Kando yake kulikuwa na hema la bwana mmoja aliyepewa uwanja huo, aliyetutangulia kambini kwa mwaka mzima. Nikamuuliza mbona halimi. Akasema yeye angependa kukaa juu, karibu na kanisa, kama angepata mtu wa kubadilishana naye.

Tulipatana palepale, wenyewe kwa wenyewe, bila hata kumwita mwenyekiti wa kijiji, wala kumtumia Eliya neno huko Mbarara. Na alivyokuwa na haraka! Alihamisha vitu vyake siku hiyohiyo, na juu yake akaniongezea kuku. Kuku, mwanangu! Mtu anakupa uwanja mzuri, anachukua mawe, halafu anakuongezea kuku, na mimi sijiulizi kitu. Nilirudi kwenye hema naimba. Nilijiona nimempiga bao.

Nikaanza kazi, na nisikudanganye, siku zile zilikuwa tamu. Mvua za masika zilikuwa zinanyesha. Nilipanda maharage na mahindi, yakaota kwa fujo. Akina mama wa kwaya yetu walikuja kukanyaga udongo, tunapiga kelele, tunarushiana matope usoni, tunacheka mpaka mbavu zinauma. Wote walikuwa wageni kama mimi, tumefika mwezi uleule, hakuna aliyekuwa ameona kiangazi cha Rubondo. Kuta zikapanda. Nikafunga paa la miti na nyasi, dogo, la chumba kimoja, lakini nadhifu. Kila mtu aliyepita alisimama kusifu, na mimi nilijifanya nimechoka na sifa huku nachungulia kama kuna mwingine anakuja.

Mmoja tu hakusifu. Alikuwa mzee wa Kinyankole, mwenyeji wa pale, mwanajeshi mstaafu, amelinda kambi ya Mbarara miaka mingi kisha akarudi kuchunga ng'ombe wake. Watu walimwita Afande. Alikuja mchana mmoja na ng'ombe mgonjwa mmoja nyuma yake, amevaa koti la jeshi lililochakaa, akasimama mbele ya nyumba yangu akaitazama sana.

"Mama," akasema kwa Kiswahili chao cha jeshini, "hapa hapana jenga. Hapa iko njia."

"Njia ya nani, Afande? Gari gani litapita hapa?"

"Ya ngombe."

Nikamtazama yule ng'ombe wake mmoja, mbavu nje. "Huyu?" nikasema. "Huyu anataka njia pana hivi?"

Akina mama wakacheka. Yeye hakukasirika. Alionyesha jua kwa fimbo. "Ngoja jua," akasema. Akaenda zake.

Mwanangu, nikwambie ukweli ambao sikuwaambia wale akina mama. Nilipoliona lile koti, masikio yangu yaliziba. Kwetu, watu wenye makoti ya namna ile ndio waliotutoa majumbani. Nilijisemea moyoni, huyu naye ameona nyumba nzuri, anataka kuninyang'anya. Nikaeneza maneno kijiji kizima kwamba mwanajeshi mlevi ananitamania uwanja. Mlevi! Yule mzee hakunywa kitu zaidi ya maziwa. Aibu yake bado ninayo mpaka leo.

Mvua ikakatika. Wiki moja, mbili, nyasi zikawa njano. Ilibaki wiki moja Eliya arudi. Maharage nilikuwa nimeyang'oa, nimeyatandaza uani yakauke, mahindi yamebeba vizuri kabisa. Asubuhi moja nimekaa mlangoni napeta, nikasikia ardhi inatetemeka chini ya makalio yangu. Nikasimama. Kule juu vumbi limepanda, na ndani ya vumbi pembe. Pembe, pembe, pembe! Ng'ombe wa Kinyankole, zile pembe ndefu unazozijua, mia ngapi sijui, wanashuka ziwani. Mabwawa ya juu yalikuwa yamekauka, na ule uwanja wangu mzuri ndio njia waliyopita kwenda kunywa tangu babu zao. Ndiyo maana hakukuwa na jiwe. Ndiyo maana hakukuwa na kisiki. Na ile mbolea niliyoisifia, niulize ilitoka wapi!

Nilishika mfuniko wa sufuria, nikaanza kuugonga na kupiga mayowe. Ng'ombe mwenye kiu hasikii mfuniko. Waliingia kwenye mahindi, wakapita juu ya maharage, mmoja akajikuna kwenye kona ya nyumba na ile kona ikaporomoka. Nilijibanza mlangoni nikamwita Yesu kwa sauti yote niliyokuwa nayo. Ndipo nikamwona Afande, mzee mzima, anakimbia. Alikuja akasimama mbele ya mlango wangu, fimbo juu, akawa anawasemesha ng'ombe kwa Kinyankole, kwa sauti ya chini tu. Na wao wakagawanyika, wengine huku, wengine kule, mpaka wa mwisho akapita.

Nilikaa chini kwenye vumbi nikalia. Shamba lilikuwa limekwisha. Nilimwona Eliya mawazoni anafika, anaangalia, anaanza kufunga vyombo vya safari ya kurudi vitani.

"Kesho watapita tena," Afande akasema. "Kila siku, mpaka mvua."

"Kwa nini hukuniambia?" nikafoka. Ndiyo, mwanangu, nilithubutu kumuuliza hivyo! Ujana ni kichaa.

Akanitazama kwa huruma. "Mimi nasema. Lakini wewe naona koti, hapana sikia maneno." Kisha akavua lile koti, akalikunja, akaliweka chini, akakaa juu yake karibu nami. "Sasa koti hakuna. Nasikia?"

Niliinamisha kichwa nikamwomba msamaha, na kwa yale niliyomsingizia kijijini pia. Yeye alikuwa ameshayasikia yote, kumbe. Alicheka akaniambia kwamba katika miaka yake yote jeshini amesingiziwa mengi, lakini ulevi alikuwa bado.

Kesho yake alinichukua tukatembea kutwa nzima. Ee, siku ile nilijifunza! Alinionyesha mahali maji yanaposimama wakati wa mvua, ingawa sasa palikuwa pakavu kama sahani. Alinionyesha ng'ombe wanapolala, na mahali upepo unapong'oa paa, na udongo unaoonekana mwekundu na mbaya lakini ndizi zinaupenda. Kila tulipofika alinisimamisha, akaniuliza mimi kwanza: hapa unaona nini? Nilikosea, nikakosea, halafu jua likiwa linateremka nikaanza kupatia, na alipogonga fimbo chini kunisifu niliruka kama mtoto. Tulimaliza kwa mwenyekiti wa kijiji. Afande mwenyewe ndiye aliyeniombea kipande kidogo juu ya kilima, kando ya njia ya ng'ombe lakini si ndani yake. Mwenyekiti aliniandikia karatasi, na safari hii majirani wa pande zote waliitwa kushuhudia.

Zilibaki siku tano. Kuta mpya tulizipandisha usiku na mchana, kwa miti ya kuta za zamani, paa la zamani likibaki juu ya nguzo zake. Lakini nyasi za kuezeka hazikuwepo tena, kiangazi kimezimaliza. Mimi nikasema, kwetu milimani nyumba ikihama, watu hubeba paa. Akina mama wa kwaya wakanitazama, kisha wakaangua kicheko, kisha wakafunga vitenge viunoni. Wanaume nao wakaja. Wachungaji wa Afande walizuia ng'ombe juu kwa muda. Tukaingia chini ya paa watu ishirini na zaidi, moja, mbili, tatu, hoo! Likanyanyuka.

Jamani, niliona raha! Paa linatembea, linayumba, nyasi zinatudondokea vichwani, mtu wa mbele anapiga kelele kulia, kulia, wa nyuma wanakwenda kushoto. Ndani humo giza, jasho na nyimbo. Unaona miguu tu. Na katika ile miguu, upande wa mbele, nikaona viatu vimesimama njiani. Nilivifahamu. Nilivishona mwenyewe kabla hajaondoka. Lori la ndizi za matoke lilikuwa limempa Eliya nafasi, amerudi siku moja kabla.

Wimbo ukakatika. Paa likasimama. Nilitoa kichwa kati ya nyasi, uso umejaa vumbi, nikamwona amebeba begi begani, mdomo wazi.

"Ni nini hii?" akauliza. "Nyumba yetu iko wapi?"

Nilikuwa na maneno mengi niliyoyapanga ya kuomba msamaha. Yote yalipotea. Nikasema tu, "Karibu nyumbani, bwana yangu. Nyumba iko njiani."

Alinitazama. Akawatazama wale watu wote, wa Kivu na wa Ankole, miguu ikiwa imepangana chini ya nyasi, na Afande mbele na fimbo yake. Halafu Eliya akaweka begi chini, akainama, akaingia chini ya paa karibu na bega langu. "Twendeni," akasema. Na neno la kurudi vitani sikulisikia tena kinywani mwake.

Mwanangu, kwenye kile kilima tuliishi miaka mingi, tukalala na njaa na tukala tukashiba, na wewe umezaliwa pale. Ardhi ya Nakivale si yetu ya kuuza, hilo tulilijua tangu siku ya kwanza. Lakini ndizi zilikuwa zetu, na Afande alikuwa wetu mpaka tulipomsindikiza kaburini, na watoto wake mpaka leo wakipita na maziwa hawaupiti mlango wangu bila kuniachia.

Sasa nasikia nyinyi mnaonyeshwa viwanja vya Mbarara kwenye simu, picha nzuri, nyasi za kijani, mwenye kuuza anacheka. Sikukatazi kufurahi. Furahi! Mtu asiyefurahia ardhi yake ataijengea nini? Lakini kabla hujatoa kitu, nenda kwa miguu yako, wakati wa mvua uende, na wakati wa jua urudi. Ukikuta mahali pazuri mno na hakuna aliyejenga, kaa chini uulize kwa nini. Na usimuulize anayeuza. Muulize anayepita pale kila siku, mchungaji, mama anayechota maji, hata yule ambaye sura yake inakutisha, huyo hasa, maana wa kutisha huwa hatumsikilizi mpaka ng'ombe wafike. Mwambie mwenzako nyumbani, usimfiche kama nilivyomficha Eliya. Na ukiona umekosea, usikae kulinda kosa lako kwa mfuniko wa sufuria. Lia, futa machozi, nenda kaombe msamaha, kisha hama.

Nenda basi. Mungu akupe mlango wa kwako na kizazi cha kuufungua. Akulinde na vita. Na siku ukikosea mahali pa kujenga, kwa sababu utakosea, akupe watu wa kukubebea paa.