Kidani cha Bibi na Shingo ya Gauni

Mama mkubwa, dada yake mama yangu, ni fundi cherehani, na mtaani wanamwita Mkasi. Wengine hudhani ni kwa sababu ya kazi yake. Sisi wa nyumbani tunajua ni ulimi. Mpelekee kitambaa cha maua makubwa, atakitazama, atakutazama na wewe, kisha atauliza, "Haya, bustani yote hii tuipeleke wapi?" Lakini mkono wake ni mkono. Gauni lake hukukaa kama mlizaliwa pamoja, kwa hiyo watu humeza maneno yake na kurudi.

Kitu kimoja alikitaka duniani, na sote tulikijua. Bibi, mama yao, alikuwa na kidani cha dhahabu chenye kito cha kijani, kikubwa kama punje ya mahindi, kimezungukwa na almasi ndogo ndogo. Ukikisogeza dirishani, zote zinawaka kwa pamoja. Bibi alikihifadhi ndani ya soksi, kwenye droo ya dawa. Mama mkubwa ndiye kifungua mimba, na tangu usichana wake alikihesabu kuwa chake, kinangoja siku tu.

Basi siku moja, bila sherehe wala hotuba, bibi akamvisha mama yangu, kitinda mimba. Mama alikuwa amekwenda kumkata kucha.

"Hongera," mama mkubwa alisema alipokiona. Alicheka kwa meno tu. Kisha akakanyaga cherehani, ikanguruma, na hatukusikilizana tena.

Nisifiche, ulikuwa wivu. Wivu mtupu, kijiba cha roho kilichomnyima hata hamu ya kula. "Mimi nimpeleke hospitali, mimi nimshonee, halafu kucha ndizo zilipwe dhahabu!" aliwaambia wateja, pini zikiwa mdomoni.

Ikaja harusi ya mjomba, kaka yao. Mama akapeleka kitambaa cha buluu iliyokoza. "Dada, nifungulie shingo vizuri, kidani kionekane."

"Usijali, mdogo wangu. Dada yako nipo." Akapima kifua, akapiga chaki, akatabasamu. Ningekuwa mama, tabasamu lile tu lingenitosha kuchukua kitambaa changu na kuondoka.

Gauni lilifika asubuhi ya harusi yenyewe, gari likipiga honi nje. Kola ilikuwa imesimama hadi chini ya kidevu. Hapo hata kovu lisingeonekana, sembuse kidani.

"Kitambaa hakikutosha," mama mkubwa alisema, macho yakiwa ukutani. Mama yangu hajui hata kutunga uzi kwenye sindano, akaamini. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Yeye alikivaa, na vifungo akafungwa mgongoni.

Lakini hakulia. Alikitoa kidani akakining'iniza juu ya kola. Kwenye buluu ile tupu, kito kiliwaka kikang'aa hata bibi harusi akasahauliwa kwa muda. Wanawake walimvamia fundi ukumbini. "Mkasi, wewe kiboko! Umejuaje kukitengenezea mahali pake?" Ilimbidi ajibu asante.

Bibi alikuwa ameketi kando yake, na bibi ndiye aliyemfundisha kushona. Alimvuta mama yangu karibu, akaipapasa ile kola kwa vidole, kisha akamgeukia binti yake mkubwa.

"Tangu lini shingo ya kufunga ikala kitambaa kidogo kuliko ya kufungua?"

Mama mkubwa akainama. Halafu likamtoka. "Umempa yeye, mama. Mimi hata hukuniuliza."

"Hukuniomba."

"Mtoto wa kwanza naye anaomba?"

Mama yangu aliyasikia yote. Ana roho nyepesi, mama yangu. Kesho yake alikwenda kwa dada yake akakivua. "Kichukue, dada. Mimi sina haja nacho."

"Sitaki cha kupewa na wewe! Nilitaka cha kupewa na mama."

Akaenda tena, akarudishwa nacho tena. Nyumbani alijisifu kwa upole unaochosha. "Mimi vitu vya dunia havinishughulishi. Kutoa ni moyo."

Bibi akapata habari, akatuita wote chumbani kwake. "Mwanangu, nirudishie kidani," alimwambia mama. "Nilikosea mlango."

Mama akakivua, ingawa vidole vilichelewa kidogo kwenye mkufu. Bibi akamvisha mama mkubwa kwa mikono yake mwenyewe, akamwita, "Kifungua mimba wangu." Mama mkubwa alilia hadi utepe wa kupimia, ambao hauondoki shingoni mwake, ukalowa.

Kumbe kutoa mwenyewe na kuambiwa utoe ni vitu viwili. Siku hiyo mama hakugusa chakula. Baadaye akaanza, "Kwani mimi nilizaliwa na nani? Nani aliyekuwa akimkata kucha?" Sasa kila shughuli analivaa lile gauni la buluu, kola imesimama, kifua kitupu, na mkono wake unapanda wenyewe kupapasa mahali pasipo na kitu. Ukimuuliza, anasema analipenda kwa sababu halipauki.

Juzi tulipita kwa mama mkubwa. Alikuwa kwenye cherehani, kidani shingoni, utepe juu yake. Alimtazama mdogo wake kuanzia kola hadi chini, bila haraka, akatoa pini mdomoni.

"Mdogo wangu," akasema, "lete hilo gauni nikufungulie shingo. Kitambaa kinatosha."