Soko la Masha Charo

Kwa miaka kumi Masha Charo alikuwa meya wa mji mdogo kaskazini mwa pwani, mji wenye barabara moja ya lami. Mwaka wake wa tatu alijenga soko. Alikwenda mwenyewe kuchagua mabati, akagombana na fundi juu ya kimo cha meza, na baada ya miezi minane wanawake wakawa wanauza nyanya kivulini. Alidhani siasa ndiyo hiyo.

Mabaraza ya zamani yalipovunjwa, cheo cha meya kikafa nayo. Masha akahamia Mombasa kwa mkewe, Mwanarusi, mwenye duka la leso Biashara Street. Miaka minne alikunja leso vibaya, mkewe akizikunja upya. Mwaka 2017 akagombea uwakilishi wa wadi, akaingia bunge la kaunti.

Aliyempigania zaidi alikuwa Mutanu, mama karanga, kama waitwavyo wanawake wauzao samaki wa kukaanga, aliyekaanga karibu na bandari ya wavuvi ya Liwatoni tangu mwanawe Ken yuko mgongoni. Yeye na wenzake walikuwa na vibanda vya makuti na magunia. Masha aliwaahidi soko: meza za saruji, maji ya mfereji, choo.

Bungeni hoja yake ilipita bila ya mtu kupinga. Kisha ikaenda kwenye kamati, ikarudi, ikaenda tena. Alipokuwa meya angempigia simu mhandisi. Sasa aliandika barua, na barua ilijibiwa kwa barua. Miaka minne ikapita hivyo.

Mei 2022, uchaguzi ukinukia, kazi ikakubaliwa kuanza. Wanawake wakaombwa wavunje vibanda. Siku mbili kabla ya kuvunja, wakili mmoja akamletea Masha nakala ya amri ya korti: kuna familia inayodai kiwanja, ujenzi usimame hadi kesi isikizwe. Aliisoma mara mbili, akaitia mfukoni. Alijiambia kesi itaisha upesi. Alijua pia kwamba akiisema, hashindi.

Vibanda vilivunjwa asubuhi moja, kwa vigelegele. Masha akaweka jiwe la msingi, na Agosti akashinda.

Kiwanja kikazungushiwa mabati, kikaota magugu. Mama karanga wakahamia ukingoni mwa barabara. Mwaka uliofuata mkokoteni ulikosa breki ukagonga karai la Mutanu, mafuta yakammwagikia mguu mzima.

Masha alimkuta nyumbani kwake, amelala, mguu umefungwa bendeji.

"Pole, Mama Ken. Waendeleaje?"

"Kama unionavyo, Bwana Meya." "Juzi alikuja wakili wa ile familia kupiga picha kiwanja. Alimwambia Ken amri ilitoka mwezi wa tano. Nasi tulivunja mwezi wa tano. Ulikuwa wajua?"

Masha alitazama sakafu. Alikuwa amejiandalia maneno njia nzima, na hayakuwa haya.

"Nilijua."

"Kabla hatujavunja?"

"Kabla."

"Mimi ndiye niliyewaambia wavunje," Mutanu alisema taratibu. "Mwende, jirani yangu wa kibanda, alikataa. Nilikaa naye mchana kutwa, nikamwambia huyu simjui kwa uongo."

"Nisamehe, Mama Ken."

"Mimi nitakusamehe, nitafanyaje? Lakini Mwende nimwambie nini?"

Mutanu akageuza uso ukutani, Masha akakaa kwenye kiti mpaka Ken alipoingia na dawa, akamwamkia kwa adabu, akabaki ameushika mlango wazi.

Kesi haijaisha. Kila ikitajwa Masha huenda kortini akakaa nyuma, na kila mara huahirishwa: leo wakili mgonjwa, kesho jaji amehamishwa. Mwende amerudi kwao Mwingi. Mutanu anachechemea, anakaanga palepale barabarani, na Masha akienda Liwatoni huzungukia njia nyingine.

Mwezi uliopita Mwanarusi alimwambia aache sasa, arudi dukani wakae pamoja.

"Nikae nifanye nini?" Masha alimuuliza, na keshoye akaenda kuchukua fomu za kugombea tena.