Kupimwa kwa Bi Spana

Mtu akikuambia kwamba Bi Spana alikuwa mkaidi, amekupunguzia habari. Kwa miaka thelathini na minne alitengeneza baiskeli katika chumba kimoja kilichopakana na duka la vioo, na mwanamume aliyethubutu kumwambia "kazi hii si ya mwanamke" aliikokota baiskeli yake kwenda kumtafuta fundi mwingine. Alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja wa kiume, na figo zake zote mbili zilikuwa zimechoka. Mara tatu kwa wiki alilala hospitalini saa nne nzima, mashine ikimsafisha damu kupitia mshipa wa mkono wa kushoto. Siku zilizobaki alikuwa kazini.

Jumatano moja, ndiyo kwanza amechomolewa sindano, muuguzi mmoja, binti mpole, alimjia na karatasi, saa ya kuhesabia sekunde na kishikio cha chuma chenye mshale.

"Shikamoo, Mama. Tumeleta kipimo kipya. Tunataka kujua mwili wa mgonjwa umedhoofika kiasi gani, tumsaidie kabla hajaanguka."

"Marahaba. Pima, mwanangu."

"Una miaka mingapi?"

"Sitini na mitatu. Nimekula chumvi nyingi, mpaka mmeamua kunikataza."

Wenzake vitandani wakacheka. Lakini kipimo hakikucheka naye. Kichwa kilikuwa kinamzunguka. Alipokiminya kile kishikio kwa mkono wa kulia, mshale ulipanda kidogo ukakwama kwenye kilo kumi na nne. Alipoambiwa atembee mita nne, kati ya mistari miwili iliyobandikwa sakafuni, alikwenda kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Uzito ulikuwa umepungua kilo tano tangu mwaka jana. Akaulizwa kama kila kitu humwia kizito. Akasema, kwa wakati huo, hata kope. Kati ya mambo matano yaliyopimwa, manne yalimshinda, likabaki la shughuli za kila siku. Muuguzi akaandika neno moja: dhaifu.

Mwanawe, aliyekuja kumchukua, aliisoma ile karatasi kabla hawajafika mlangoni. Walipofika nyumbani akavuta kiti.

"Mama, sasa yatosha. Kuna mtu nitazungumza naye akichukue kile chumba cha baiskeli."

"Nani amekutuma?"

"Si mimi, Mama. Imeandikwa."

"Ulipozaliwa ulikuwa kilo moja na nusu, na hilo pia liliandikwa. Wakaniambia nisijipe matumaini. Mbona sikukugawa?"

Lakini neno lile, dhaifu, lilikuwa limemwingia Bi Spana kama mwiba kwenye tairi: huuoni, lakini upepo unatoka. Alijikuta anauangalia mkono wake kila alipoinua kikombe, na hilo ndilo lililomkera kuliko karatasi yenyewe.

Kesho yake asubuhi, siku isiyo ya mashine, alivaa ovaroli yake ya kazi akamwamuru mwanawe ampeleke hospitali. Muuguzi alishtuka kumwona.

"Mama, kuna tatizo?"

"Lipo. Jana ulinipima nikiwa nimekamuliwa kama nguo. Baiskeli ikitoka kugongwa na lori, huipimi mwendo. Nipime leo."

"Lakini Mama, utaratibu..."

"Utaratibu unasema nipimwe saa ngapi?"

Binti wa watu akaisoma karatasi kutoka juu hadi chini, akaigeuza nyuma. "Hausemi," akakiri.

Wakaanza upya. Bi Spana akakikamata kishikio kama anavyokamata nati iliyoshika kutu. Kilo ishirini na sita. Mwanawe akasogea kuutazama mshale kwa macho yake.

"Ng'ombe hazeeki maini," mama akasema bila kumgeukia. "Figo ndizo zilizotangulia kuzeeka."

Kila kitu ni kizito? Leo hapana, akajibu. Yakaja maswali ya shughuli. Je, hutembea kwa mazoezi? Hulima bustani? Hucheza mchezo wowote?

"Kunyoosha rimu hakumo humo? Kuvua tairi la baiskeli ya mizigo?"

"Hakumo, Mama."

"Basi andika hayo pembeni. Si kosa langu kama aliyeitunga karatasi hiyo hakuwahi kushika spana."

Muuguzi akaandika pembeni. Ikabaki kutembea. Sekunde saba. Bi Spana akaomba arudie, sekunde saba. Akarudia tena huku ameuma meno, ikawa saba na nusu. Na kilo zile tano hazikuwa zimerudi.

"Mawili kati ya matano," muuguzi akasema. "Huko kwenye udhaifu hujafika, ila uko njiani. Miguu imelegea kweli, Mama. Siwezi kukudanganya."

Watu wengi walikuwa wamemhurumia Bi Spana. Wachache walikuwa wamemwambia ukweli wakimtazama usoni.

"Hilo nalikubali. Nipe dawa ya miguu." Kisha akamgeukia mwanawe. "Umesikia? Miguu. Spoki hazinyooshwi kwa miguu."

Mtu wa kuchukua chumba hakupigiwa simu. Muuguzi alimweleza mkuu wake, na tangu hapo wagonjwa wa wodi ile wakawa wanapimwa kabla ya mashine. Dawa ya miguu ilikuwa kuinuka kitini bila kujishika, mara kumi asubuhi, mara kumi jioni. Bi Spana aliifanya palepale kazini, akihesabu kwa sauti na kutukana kimoyomoyo, na baada ya miezi minne mita zile nne zilimchukua sekunde sita.

Hakupona, ugonjwa ule si wa kupona. Mwezi uliofuata homa ilimlaza wiki mbili, na majirani wakaanza kuulizana nani ataingia mle chumbani. Jumanne moja akafungua mlango mwenyewe, akaketi kwenye kigoda. Mteja wa kwanza, bwana mmoja mwenye kifua kipana, akasimama na baiskeli yake akisita.

"Mama, utaweza kweli kuiinua?"

"Iinue wewe, uitundike pale kwenye ndoano," akamjibu, akichagua spana. "Kisha usogee, unanizibia mwanga."